Elfu ishirini inatosha kuanza kukusanya sarafu

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili hapa Tanga. Bibi amenipa kopo lenye sarafu za zamani. Nyingi zina tundu katikati, kuna shilingi chache za Nyerere, na kuna moja ya manjano iliyochakaa imeandikwa 20 Heller, mwaka 1916. Nina akiba ya shilingi elfu ishirini na ningependa kuanza kukusanya sarafu, ila sijui ninunue nini kwanza. Za bibi zimekuwa nyeusi, je, nizioshe kwa ndimu? Na mjomba anasema nikizitangaza mtandaoni nitapata mamilioni. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Naanza na ndimu kwa sababu hilo likishafanyika halirudi. Usizioshe. Weusi au ukahawia unaouona juu ya senti za shaba si uchafu, ni utando ambao shaba huufanya yenyewe kwa kukaa kwenye hewa miaka na miaka. Utando huo unailinda sarafu, na ndio mkusanyaji anaoutazama kwanza ili ajue kama imechezewa. Ndimu, ukwaju, majivu, dawa ya meno, kile kisugulio cha chuma cha masufuria, vyote vinakula utando pamoja na sehemu ya juu ya maandishi. Sarafu itatoka nyekundu ya kung'aa, utaifurahia kwa wiki moja, halafu itafifia vibaya kwa mabaka, na mtu yeyote mwenye uzoefu akiishika atajua. Nimeona sarafu nzuri nyingi zikimalizwa hivyo na watu waliokuwa na nia njema kabisa, na kila mara inaniuma.

Kama ina mchanga au mafuta, iloweke kwenye maji safi yenye tone la sabuni ya maji, badilisha maji mara mbili tatu, kisha iweke juu ya kitambaa laini uigandamize bila kusugua, uiache ikauke kabisa. Ukikuta moja yenye unga wa kijani unaopukutika, itenge na wenzake ndani ya bahasha yake, kwa sababu kutu hiyo inaendelea kula chuma na unyevu wa Tanga unaisaidia. Zaidi ya hapo, mikono mbali. Shika sarafu kwa ukingo wake, usiguse uso, maana jasho la kidole lina chumvi na alama yake hujitokeza baada ya miezi.

Sasa mamilioni. Mjomba wako anakutakia heri, lakini amesikia yale yanayozunguka kwenye simu. Bei ya sarafu haitokani na uzee wake peke yake. Inatokana na ngapi zimebaki, ziko katika hali gani, na ni watu wangapi wanazitaka. Chukua mfano ambao huenda umo ndani ya kopo lako hilohilo. Tafuta senti kumi yenye tundu ya mwaka 1936, usome jina la mfalme. Ukikuta EDWARDVS VIII, umeshika jina la mfalme aliyekaa kitini chini ya mwaka mmoja, Januari hadi Desemba 1936, akajiuzulu kabla hata hajavishwa taji. Kule Uingereza kwenyewe hakuna sarafu ya matumizi ya kawaida iliyotoka na sura yake. Kwetu Afrika Mashariki jina lake lilizunguka sokoni, kwa sababu sarafu yenye tundu haina nafasi ya sura, inaandikwa jina tu, na kazi ilikuwa imeshafanyika. Kwa historia hiyo ungetegemea bei ya nyumba. Bei yake ni ndogo, mwanafunzi anaweza kuimudu, kwa sababu zilitengenezwa nyingi mno na nyingi zimebaki. Habari nzuri kwa mtu mwenye elfu ishirini.

Kwa hiyo tangazo linalosema shilingi ya Nyerere inanunuliwa kwa mamilioni halina ukweli. Na ukilijibu, hatua ya pili huwa ni kuombwa utume kwanza ada ya usajili, au ya usafirishaji, au ya cheti. Hakuna mnunuzi wa kweli anayemtoza muuzaji. Ogopa vilevile hadithi za rupia ya Mjerumani yenye nguvu za ajabu. Rupia ya Mjerumani ni kipande cha madini ya fedha cha gramu 11.66, basi. Watu wamechimba misingi ya majumba na makaburi kwa sababu ya maneno hayo.

Tuje kwenye akiba yako. Mwezi wa kwanza usinunue sarafu hata moja. Anza na zile zinazopita mkononi mwako kila siku. Hizi za chuma tunazotumia sasa ni hamsini ya Mwinyi yenye faru, mia ya Nyerere yenye swala, mia mbili ya Karume yenye simba, na mia tano ya Karume yenye nyati, ile iliyoanza kutoka mwaka 2014. Ukichagua moja moja iliyo safi kuliko zote utakazokutana nazo dukani na kwenye daladala, umetumia shilingi 850, na siku ukibadili mawazo unanunulia maandazi. Fedha haijapotea. Kisha zitazame miaka yake, utagundua kwamba mia mbili ya 1998 ndiyo ya kwanza na baada yake kuna nyingine, na hapo tayari una kitu cha kutafuta. Muulize muuza duka unayemfahamu akuruhusu kupekua chenji yake jioni. Wengi hukubali ukirudisha hesabu kamili.

Wewe uko Tanga, mpaka wa Horohoro hauko mbali na mabasi ya Mombasa yanapita kila siku. Kenya ilitoa sarafu mpya Desemba 2018, baada ya katiba yao ya 2010 kukataza sura ya mtu kwenye fedha: shilingi moja yenye twiga, tano yenye faru, kumi yenye simba, ishirini yenye ndovu. Seti nzima ni shilingi 36 za Kenya kwa thamani yake ya kawaida. Mwombe ndugu au jirani anayesafiri akuletee, naye umpe za kwetu. Karibu na hizo zikae zile za zamani zenye Kenyatta, Moi na Kibaki, na utaona historia ya nchi nzima juu ya kitambaa kimoja.

Baada ya hapo chagua njia moja nyembamba. Hapa ndipo wanaoanza wengi wanapokosea. Wananunua kila kinachoonekana cha zamani, leo sarafu ya India, kesho ya Ureno, na baada ya mwaka wana mfuko mzito usio na kichwa wala mguu. Mtu mwenye fedha kidogo anahitaji mkusanyiko unaoweza kukamilika. Mimi nikitazama ulichonacho, ningekupa senti kumi zenye tundu.

Nikueleze kwa nini nazipenda hizo. Upande mmoja una taji na jina la mtawala, upande wa pili pembe za ndovu zimelizunguka tundu. Umbo hilohilo limeendelea zaidi ya miaka hamsini, kinachobadilika ni maandishi, na maandishi ndiyo yanayosimulia. Za mwanzo kabisa, za Edward VII na miaka ya mwanzo ya George V, ni nyeupe, mchanganyiko wa shaba na nikeli, na zimeandikwa EAST AFRICA & UGANDA PROTECTORATES, wakati Tanganyika ilikuwa bado chini ya Mjerumani na hizi zilikuwa za upande wa Waingereza. Kuanzia 1921 zinakuwa za shaba, EAST AFRICA peke yake, kwa kuwa sasa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919, inahudumia na Tanganyika. Zanzibar ikaingia 1936 ilipoacha rupia. Kisha huyo Edward VIII. Kisha George VI, na hapa chukua lenzi. Zake za kwanza zinasema GEORGIVS VI REX ET IND: IMP:, yaani mfalme na kaizari wa India. Za kuanzia 1949 zinasema GEORGIVS SEXTVS REX, basi, India imekwisha kuondoka mwaka 1947. Uhuru wa nchi nyingine kabisa umeandikwa kwa kufutwa maneno kwenye senti kumi iliyonunulia karanga Pangani. Elizabeth II ana mwaka mmoja tu katika senti kumi, 1956. Na ya mwisho, 1964, haina jina la mtawala hata mmoja. Tanganyika, Uganda na Kenya zote zilikuwa huru, bado zinatumia sarafu moja, na hapakuwa na jina la kuandika.

Ukiwa na moja ya kila mtawala, pamoja na hiyo ya 1964, una sarafu sita na mkusanyiko uliokamilika. Ya Edward VII ndiyo itakayokusumbua, nyingine huenda nusu yake zimo koponi tayari. Ukitaka kuendelea, tafuta herufi ndogo za karakana iliyoipiga sarafu, mara nyingi karibu na mwaka. H ni Heaton na KN ni King's Norton, zote za Birmingham. I ni Bombay na SA ni Pretoria, ambako kazi ilipelekwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Sarafu ya 1936 isiyo na herufi, yenye H na yenye KN ni tatu tofauti kwa anayejali. Kazi ya mwaka mzima hiyo, na gharama yake ni macho.

Shilingi za Nyerere nazo ziweke vizuri, hazina bei lakini ni mwalimu mzuri wa kutambua hali ya sarafu. Benki Kuu ilifunguliwa Juni 1966 na sarafu zetu za kwanza zikatoka mwaka huo: senti tano ya shaba yenye pembe kumi na mbili na samaki, senti ishirini yenye mbuni, senti hamsini yenye sungura, na shilingi moja yenye mkono ulioshika mwenge. Senti kumi ya pundamilia, yenye ukingo wa mawimbi, ilikuja baadaye, 1977. Sasa weka shilingi zako kadhaa kwa mstari karibu na dirisha, mwanga uingie kutoka ubavuni, usiwe wa taa ya juu. Tazama nywele za Mwalimu, halafu geuza utazame vidole vilivyoshika mwenge. Hizo ndizo sehemu zilizoinuka, kwa hiyo ndizo zinazoanza kulika. Moja itakuwa na vidole vinavyohesabika, nyingine vimeungana, nyingine mkono mzima umekuwa bapa. Huo ndio upangaji wa hali, na ndiyo sababu sarafu mbili za mwaka mmoja zinaweza kupishana bei mara kumi. Ukinunua, bora moja nzuri kuliko tano zilizokwisha.

Jaribu na sumaku. Shilingi za 1966 mpaka 1984 hazinasi, ni shaba na nikeli. Za 1987 zenye sura ya Mwinyi zinanasa, kwa sababu ndani ni chuma kilichovikwa nikeli. Jaribio dogo, lakini litakufundisha kutokuamini rangi peke yake. Vivyo hivyo shilingi ya zamani ya Afrika Mashariki, yenye simba mbele ya milima. Muuzaji atakuambia ni madini ya fedha tupu. Za 1921 mpaka 1946 zina robo tu ya fedha, na za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa. Manyoya ya shingo ya simba ndiyo ya kutazama kabla ya kulipa.

Na ile 20 Heller, yaani senti za rupia ya Mjerumani. Hiyo ndiyo ningeitunza kuliko zote, ingawa nayo si tajiri. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamefungiwa bahari na Waingereza, sarafu kutoka Ujerumani haziji, askari na wapagazi wanataka kulipwa. Wakatengeneza zao katika karakana ya reli ya Tabora, kwa shaba nyekundu na shaba ya manjano, hata na dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakapiga sarafu ya rupia 15 yenye ndovu. Mwezi Septemba mwaka huohuo jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo likaingia Tabora na kazi ikaishia hapo. Tazama yako: taji, herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani), na T ndogo ya Tabora. Ikiwa imepigwa pembeni kidogo, au unene wake hauko sawa, usihofu, ilifanywa na mashine za reli wakati wa vita. Halafu lisome neno Heller kwa lenzi. Kuna ambazo ncha za herufi L zimejikunja na kuna ambazo zimechongoka, na taji lina umbo kubwa na dogo. Walitumia mihuri tofauti, na wakusanyaji wanazitenga kwa alama hizo. Rupia 15 ya dhahabu ukionyeshwa mtaani kwa bei ya kukimbilia, iache ilipo, za bandia ni nyingi.

Silaha yako dhidi ya bandia ni mizani. Huna haja ya kununua sasa, nenda kwa sonara anayewafahamu wazazi wako, umwombe akupimie, yeye ana mizani inayosoma hadi sehemu ya gramu. Riale ya Maria Theresa, sarafu ya madini ya fedha yenye sura ya mtawala huyo wa Austria, iliyozunguka sana pwani yetu na ambayo siku zote imeandikwa 1780 hata ikiwa imepigwa miaka mingi baadaye, inatakiwa iwe gramu 28 na chembe. Ukikuta ya gramu 23, hata iwe nzuri vipi, rudisha. Tazama na ukingo: mstari wa kuungana unaozunguka sarafu nzima unamaanisha imemiminwa kwenye kalibu, na sarafu halisi za namna hii hupigwa kwa muhuri. Uzito, kipenyo na picha za kulinganisha utazipata bure kwenye katalogi ya mtandaoni ya Numista, ambayo ina sarafu zote nilizotaja hapa.

Jambo moja silichukulii kwa wepesi. Kuna siku mtu atakuletea vipande vidogo vya shaba vyenye maandishi ya Kiarabu, aseme vimeokotwa Kilwa Kisiwani au Songo Mnara. Inawezekana ni kweli. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe karne nyingi kabla ya Mreno kufika, moja imepatikana Zimbabwe Kuu, na tano ziliokotwa mwaka 1944 kwenye kisiwa cha kaskazini mwa Australia, na hadi leo watafiti wanajiuliza zilifikaje. Ndiyo maana usinunue. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 vinalindwa nchini kwetu. Na hata bila sheria, sarafu iliyong'olewa gofuni imepoteza ushuhuda wake. Aliyechimba kwa utaratibu angejua ilikuwa tabaka gani la udongo, karibu na vyungu gani, nyumba ya nani. Ikishauzwa mtaani, hayo yote yamekufa. Ukiokota mwenyewe, peleka makumbusho au ofisi ya mambo ya kale. Kuzitazama, nenda Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam siku ukipata safari.

Kuhifadhi hakuhitaji albamu ya bei. Bahasha ndogo za karatasi, sarafu moja kila bahasha, na juu yake kalamu. Usitumie ile mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali, inatoa majimaji yanayoacha utelezi wa kijani. Usifunge kwa mpira, una salfa na unatia weusi. Usibandike kwa gundi wala selotepu kwenye manila, hata mwalimu akisema mradi wa darasa upendeze. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usivitupe, weka viwili ndani ya kopo pamoja na bahasha na ulifunge vizuri.

Nunua daftari kabla ya sarafu yoyote. Andika kila moja: ilikotoka, siku, bei, uzito, hali yake kwa maneno yako. Halafu kaa na bibi, mtaje moja moja, muulize senti kumi ilinunua nini, alilipwa nini na nani, nani alimwachia ile ya Tabora. Andika kama anavyosema. Hakuna katalogi yenye habari hizo, na ukichelewa huzipati tena.

Kwa hesabu ya elfu ishirini: lenzi ndogo na daftari na bahasha zitakula sehemu, seti ya chenji tumeshaiona, na kinachobaki ndicho cha kununulia senti kumi unazozikosa. Ningejiwekea mpaka wa elfu mbili kwa sarafu moja mwaka huu wote. Maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe yanataja bei ya watalii, usione haya kutaja yako na kuondoka. Wazee waliokuwa na maduka, mafundi cherehani wenye makopo ya vifungo, masonara, hao watakupa kwa bei ya kibinadamu ukiwaeleza unachotafuta, na wakati mwingine watakupa bure. Zile zinazojirudia kwako usiziuze, ndizo za kubadilishana na wenzako wa Mombasa na Kampala.

Ukipata muuzaji mtandaoni, omba picha za pande zote mbili na ukingo, na picha ya sarafu juu ya mizani. Akikataa, mwache. Akikubali, mkutane mchana, mahali penye watu, na uende na mjomba.